Paa la Mteremko Juu ya Inveta

Mmeniomba niandike jinsi umeme wa ile Kosta ya kliniki ulivyofungwa, kwa sababu mnasema nikiondoka hakuna atakayejua waya gani unakwenda wapi. Mchoro upo. Uko ukutani nyuma ya kabati la spana, nimeuchora kwa kalamu ya rangi, na mngeuona zamani kama mngekuwa mnalisogeza hilo kabati mnapofagia. Lakini mchoro hauelezi kwa nini kitu kipo pale kilipo, na kuna swali moja ambalo mmekuwa mkiniuliza nami nawajibu ovyo: lile bati lililokunjwa mfano wa paa la nyumba juu ya inveta ni la nini. Nitafika huko. Mnavyonijua, sifiki haraka.

Nilikuja karakana hii nikitokea kwenye malori ya pamba. Huko nilizoea kazi ya kukimbizana: taa haiwaki, unaunga waya, unazungushia utepe mweusi, dereva anaondoka, na ikizima tena mbele ya safari ni shida ya mtu mwingine. Siku ya kwanza hapa nilipokewa na Mzee Luhende, fundi umeme aliyekuwepo kabla jengo hili halijaezekwa. Hakunisalimia sana. Alinionyesha betri ya lori akaniambia niibebe mpaka getini, kisha niirudishe. Nikairudisha. Akaniambia niipeleke tena. Nilimuuliza kwa heshima kama kuna mtu anaisubiri huko getini, akasema hapana, ila nikishaijua betri kwa mgongo sitaiweka mahali pabaya kwenye gari la watu. Nilimwona mzee wa ajabu. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimelala chali chini ya Kosta, natafuta pa kuweka betri nne nzito zisiliinamishe gari upande mmoja, nilimwelewa.

Luhende alipima joto la waya kwa nyuma ya mkono, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja cha fundi kina sugu na kinadanganya. Waya ukipata joto, alisema, ama ni mwembamba kuliko kazi uliyoupa, ama kiungo ni kibovu, hakuna la tatu. Alikuwa akipita nyuma yangu na kuvuta kila kiungo nilichofunga. Kikichomoka alinipa mkononi bila neno, akaenda zake kunywa uji. Alifariki kabla paneli za sola hazijafika kwetu, na nadhani asingezipenda, maana hazina kitu cha kuvuta.

Kosta yenyewe ililetwa na wafadhili ikiwa imeshang'olewa viti. Ndani waliweka vitanda viwili vya kulala watumishi, kitanda kimoja cha mgonjwa, sinki, jiko dogo la gesi, friji ya chanjo na taa. Watu walikuwa wanaishi humo siku kadhaa vijijini, wanapika humo, wanalala humo, wanatibu humo. Na vyote hivyo, friji na taa na feni, vilikuwa vimefungwa kwenye betri ileile inayowasha injini. Aliyefanya hivyo simjui na naomba tusikutane. Asubuhi ya pili ya kila safari gari halikuwaka. Akina mama walioitwa kuleta watoto kwenye chanjo waliishia kusukuma gari, watoto mgongoni. Chanjo nazo zilikuwa zimeshapata joto, zinamwagwa.

Nikaambiwa nirekebishe. Nilianza kwa kutenganisha. Betri ya stata ikabaki na kazi yake moja. Betri za huduma nikazifunga sakafuni, katikati ya magurudumu, ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutoa hewa nje. Kati ya pande hizo mbili nikaweka rilei, swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, ili alternata, jenereta ya injini, izichaji zote injini ikiwaka, na injini ikizimwa zisijuane. Paneli za juu nikaziinua kidogo kwa vyuma ili hewa ipite chini yake, kwa sababu paneli ikizidiwa joto huzalisha pungufu, na jua la Simiyu halina kiasi. Fyuzi kubwa iko karibu na betri, si karibu na inveta. Mkisahau yote, hilo msilisahau: waya ukikwaruzika kabla ya kufika kwenye fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka, na ndani mna mgonjwa na mtungi wa gesi.

Inveta, ambayo kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, niliifunga ubavuni mwa kitanda cha mgonjwa, maana waya wake wa kutoka kwenye betri unatakiwa uwe mfupi na mnene. Ilikuwa sanduku la ukubwa wa begi la shule, juu tambarare, na feni yake ikitoa hewa ya moto kwa juu kupitia vitundu. Niliandika hapo kwa rangi nyekundu USIWEKE KITU. Kila mtu alisoma, na kila mtu aliweka kitu. Nimewahi kutoa hapo kikombe cha chai, kofia ya dereva, na siku moja kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya mgonjwa kwa sista. Niligomba. Dereva, Dotto, alisema kuku alikuwa anasikia baridi.

Sista wa gari alikuwa Minza. Mtu wa Somanda, mkali, mwepesi wa mguu, hasubiri kuambiwa. Nilipomaliza kazi ile alikaa ndani akawasha kila kitu kwa pamoja, friji, taa, feni, birika, mpaka inveta ikaanza kulia, kisha akazima kimoja kimoja huku akinitazama. Alitaka kujua kipimo chake mwenyewe. Mwaka uliofuata ikaja mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida na kuichuja, na alinizungusha siku nzima nimfundishe inakula umeme kiasi gani, itakaa saa ngapi injini ikiwa imezimwa, mlio wake wa kulalamika ukoje. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Nilimpenda kwa kazi yake, nasema wazi, na alipoondolewa kwenye gari lile niliumia kama vile ni ndugu yangu.

Sasa lile la bati. Majina ya watu wa kijijini nimeyabadilisha na kijiji sikitaji. Minza mnamjua, nilimpigia simu kabla ya kuandika, akaniambia niandike tu, yeye amechoka kuwa nalo peke yake.

Ilikuwa masika. Kosta ilikuwa kwenye kijiji cha mbali kidogo na Lagangabilili, kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao ukilowa unashika tairi. Mchana mvua inanyesha akaja mama mmoja, nimwite Kwandu, ametembea na mtoto wake wa kiume wa miezi michache, mzaliwa wa kwanza. Wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa. Mtoto alikuwa na kichomi kibaya, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Minza alimlaza kitandani, akamwekea mrija wa puani, akawasha mashine. Baada ya muda midomo ikaanza kurudi. Akamwambia Dotto wafunge kila kitu waondoke, hospitali ni Bariadi na mto utajaa.

Hawakufika mtoni. Gari lilizama kabla. Dotto alijaribu mbele, akajaribu nyuma, likazidi kukaa. Akazima injini. Hilo halikuwa kosa, betri zilikuwa zimejaa na zingeiendesha mashine ile mpaka jioni. Watu walikuwa hawapo karibu, mvua hiyo nani atoke. Ikabidi Minza ashuke amsaidie, mmoja anapandisha jeki, mwingine anasukumiza mawe na matawi chini ya tairi. Alimwonyesha Kwandu namna ya kuushika mrija usitoke puani, akamwambia asiuache hata kidogo, akashuka.

Kwandu hakuuacha. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka, na blanketi lake lilikuwa limelowa, na pale ubavuni palikuwa na sanduku linalopuliza hewa ya moto. Angefanya nini mzazi? Alilikamua blanketi kwa mkono mmoja, akalikunja, akalitandaza juu ya inveta lipate joto. Maandishi yangu mekundu yalifunikwa, na hata yangeonekana, maandishi hayamzuii mtu ambaye mtoto wake anasikia baridi. Aliligeuza upande wa pili, akasubiri. Lilipopata joto alilitoa, akamfunika nalo mtoto. Halafu akachukua kanga yake, nayo imelowa, akaitandaza palepale, na juu ya kanga akarudisha blanketi lililokuwa bado na maji upande mmoja.

Inveta nzuri ikikosa hewa hujizima yenyewe isiungue. Ndivyo ilivyotengenezwa, na ndivyo ilivyofanya. Mashine ya oksijeni ikakosa umeme, ikalia ule mlio wa kulalamika. Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa la gari, nje hawakusikia kitu. Kwandu alisikia. Alidhani mashine imeongeza nguvu.

Minza aliporudi kuchukua koleo aliona midomo ya mtoto kabla ya kuona kitu kingine. Alivuta nguo zote kutoka juu ya inveta, akabonyeza, haikuwaka. Ikishazidiwa haikubali mpaka ipoe. Aliipepea inveta kwa jalada la sanduku la chanjo, huku anampulizia mtoto kwa mdomo wake, anarudi kwenye inveta, anarudi kwa mtoto. Inveta ilipowaka, mtoto alikuwa ameshakufa. Kwandu bado ameshika mrija.

Gari lilipovutwa mpaka hapa nikaambiwa nitafute hitilafu. Nilipima betri, nzima. Fyuzi, nzima. Nilivuta kila kiungo kama Luhende, hakikutoka hata kimoja. Inveta ikawaka mara ya kwanza tu, ikaendesha mashine asubuhi nzima bila shida. Nikafungua kifuniko, nikakuta kwenye wavu wa feni nyuzi za sufu, nyekundu na kijivu. Nikaenda kwa Minza nikiwa nazo kiganjani. Alikuwa anaosha sakafu ya gari, ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Akanieleza yote niliyoyaandika hapo juu, mengine Kwandu mwenyewe alikuwa amemsimulia bila kujua maana yake, hajainua kichwa.

Kisha akaniambia, "Kaka, usiseme blanketi."

Nilimwambia kuna kikao, wataniuliza, na nisiposema itamwangukia yeye. Akasema anajua. Akaniambia baba wa mtoto anakuja na baba yake mkubwa, na huyo baba mkubwa tangu msibani anatafuta mtu wa kulaumu. Likitajwa blanketi, Kwandu atarudishwa kwao, na atarudishwa na jina la mwanamke aliyemuua mtoto wake, na jina hilo halitamtoka mpaka anazikwa. "Mimi nina kazi," akasema, "wakinitoa huku wataniweka kwingine. Yeye wakimtoa pale, anakwenda wapi?"

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Kikaoni walikaa viongozi wa huduma na daktari wao, Dotto, Minza, mimi, na wale wanaume wawili. Kwandu hakuitwa, bado alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwa mume wake anapokea watu wa pole. Daktari alieleza kwamba mtoto alikuwa mgonjwa sana na huenda asingefika hata mashine isingezima. Nadhani alisema kweli. Neno "huenda" ni zuri kwa daktari. Kwa mtu aliyefiwa halishikiki. Baba mkubwa akauliza mashine ilizimwa na nani. Nikasema haikuzimwa na mtu, inveta ilizidiwa joto, hewa haikupita vizuri. Hayo yote ni kweli, mnaweza kuyapima kwa mita. Akauliza nani alikuwa na kazi ya kuiangalia.

Minza akasema, "Ni mimi. Nilishuka."

Baba wa mtoto alilia pale, mtu mzima, ameshika kofia yake. Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa kuridhika, alikuwa amempata mtu. Kabla mvua hazijakatika Minza alikuwa amepelekwa zahanati moja upande wa Maswa, kijiji kiitwacho Sola, na gari likapewa sista mwingine ambaye mimi na yeye hatukuwahi kuelewana kuhusu birika.

Mimi nikatengeneza paa. Nilikunja bati lenye mwinuko mkali, pande mbili, nikaliinua juu ya inveta kwa vyuma vinne ili hewa itoke kwa pembeni, na chini yake nikazungushia wavu. Niliweka kikombe kikaanguka. Niliweka gunia lililolowa, likateleza likaenda sakafuni. Niliweka gunia tena na tena mpaka Dotto akaniuliza gunia limenikosea nini. Tangu hapo sijafunga inveta kwenye gari lolote bila paa lile, gari la wagonjwa, gari la maji, hata lile basi dogo la kwaya wanalolala wakienda kwenye mikutano. Mlikuwa mnanicheka kwamba nina kichaa cha mabati. Nilikuwa nawaacha mcheke.

Masika haya yaliyopita, nikiwa nakaribia kustaafu, nilisafiri na Kosta, kwa sababu tulikuwa tumebadilisha betri zile nzito tukaweka za lithiamu na nilitaka kuona kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli, inazichajije kwenye mawingu. Tukasimama kwenye kijiji kilekile. Asubuhi akaja Kwandu kwenye chanjo, ana binti mdogo mgongoni, mnene, macho makubwa. Alinisalimia kwa kuinama, "Mwangaluka, baba," nikamwitikia. Alinikumbuka kwamba ni fundi wa gari, alikuwa ameniona siku walipoleta shukrani. Naam, walileta shukrani. Yeye na mume wake walikuja hapa Bariadi baada ya arobaini kutushukuru kwamba tulijaribu.

Mvua ikaanza, nikamwambia apande asubirie ndani. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mabegani. Akakivua, na bila kufikiri, kama mtu anayejua mahali pake, akakitandaza juu ya inveta. Kikateleza. Akakiokota akakirudisha, kikateleza tena. Akacheka kidogo.

"Baba, hiki mmekiweka cha nini? Siku ile palikuwa tambarare. Nilipashia hapa blanketi la mtoto, likapata moto vizuri kabisa."

Nilitakiwa kusema chochote. Vumbi, panya, maagizo ya ofisi. Nimekuwa na ulimi mwepesi maisha yangu yote, mnaujua, na siku ile haukutoka. Nilikaa kimya, nimeshika bisibisi, na kimya changu kilizidi kipimo. Cheko likamtoka usoni polepole. Alilitazama bati, akatazama wavu, akaweka kiganja pale hewa ya moto inapotokea. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Mliliweka lini?"

Nikamwambia baada ya safari ile.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu nani anajua. Nikasema mimi na sista Minza, basi. Akauliza kama ndiyo sababu sista alihamishwa, nikasema ndiyo. Binti yake alikuwa ameanza kulia mgongoni, akamtikisatikisa bila kumgeukia. Nilitaka kumwambia yale maneno ya daktari, kwamba huenda mtoto asingefika, nikaanza hata, akaninyamazisha kwa mkono. Kisha akajifunga kile kitenge kilicholowa, kikiwa na maji vilevile, akakikaza.

"Haya," akasema. "Na mimi sasa najua."

Alishuka akaenda kukaa kwenye foleni na wenzake, mvuani. Binti alichomwa chanjo yake, akapewa tarehe ya kurudi. Kwandu alimshukuru sista, wabeja, akaondoka na njia ya nyumbani, na sikumwona akigeuka. Nilifanya kazi mpaka jioni. Kontrola ilikuwa inachaji vizuri hata kwenye mawingu, sina neno nayo.

Basi huo ndio umeme wa Kosta. Betri mzipime kabla ya safari, si baada ya kurudi. Paneli mzifute kwa kitambaa laini na maji, msizipande kwa viatu. Kila baada ya barabara mbovu vuteni viungo vyote kwa mkono. Paa lile msilitoe, na mkiletewa gari jipya, kabla hamjawasha hata taa moja, fungeni lingine kama lile. Watu watawauliza ni la nini, waambieni ni la joto, watarudi kuuliza liliwekwa lini. Hapo msinyamaze kama mimi. Semeni lilikuja na gari.